Nilinyoosha mfereji wa marehemu pale Msasani

Wakuu, heshima zenu.

Kosa langu la kwanza kwenye ufundi halikuwa ukuta kupinda. Nilinyoosha kitu ambacho mwenyewe alikipinda makusudi.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Sehemu zinazoniaibisha nimezifuta mara tatu kabla ya kutuma, kisha nikazirudisha, maana bila hizo uzi huu hauna maana.

Ilikuwa Msasani. Msasani yetu ya Tukuyu, siyo ile ya Dar, msije mkaniuliza habari za bahari.

Miaka ile biashara zilikuwa ndiyo zimefunguliwa. Saruji, ambayo baba yangu aliwahi kuifuata kwa kibali akarudi mikono mitupu, sasa ilikuwa inapangwa dukani kama sabuni. Kila aliyepata kidogo alijenga. Jua likitoka baada ya mvua, mabati mapya yalimetameta mji mzima, na upepo ulileta harufu ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani.

Mpaka leo nikifungua pakiti ya majani ya chai, naiona Tukuyu ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kubeba zege, kwa kuangalia mikono ya mafundi, na kwa kitabu kimoja cha ujenzi kisicho na jalada ambacho nilikisoma na kamusi pembeni.

Niliogopa sana kukosea. Kitu cha kupima mara moja nilikipima mara tano. Hata banda la kuku la mama nililijenga kwa kufunga uzi wa kunyooshea na kupima usawa kwa levo. Ambakisye, fundi mwenzangu, akanibatiza Injinia Uzi, na jina likafika hadi mitaa ya Makandana.

Basi, Mzee Salum, aliyekuwa anauza nguo sokoni, akajenga nyumba kubwa juu ya mteremko. Bati juu, na uani akamwaga zege lote, hakubakiza hata pa kupanda mchicha. Kazi ya kuyaondoa maji ya mvua akanipa mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kusimamia peke yangu.

Chini ya kiwanja chake kulikuwa na migomba ya Bibi Tumpe, mjane. Mpakani palikuwa na mfereji wa udongo unaoingia kwenye migomba ile. Alikuwa ameuchimba mume wake kabla hajafariki.

Mfereji wenyewe ulikuwa umepindapinda vibaya. Unaenda kwenye shina hili la mgomba, unalizunguka, unarudi nyuma, unafuata shina lingine. Nilipouona nilikosa raha kabisa. Nikasema huu ni uzembe.

Bibi Tumpe alikuwa amekwenda Nkunga kumuuguza dada yake. Sikuona haja ya kumngoja.

Nikafunga uzi kutoka kona ya nyumba moja kwa moja hadi chini, wala sikuangalia mbele yake kuna nini. Nikafukia mfereji wa zamani, nikajenga wa mawe na saruji, nikaupiga niru, ule uji wa saruji, ukateleza kama sahani. Mwisho, saruji ikiwa bado mbichi, nikachukua msumari nikaandika jina langu lote na mwaka.

Wiki nzima nilikuwa napita pale kuutazama tu.

Kisha masika yakaanza. Mvua za kwetu mnazijua. Bati halinywi maji, zege halinywi maji, kwa hiyo maji yote ya paa lile na ua ule yaliingia kwenye mfereji wangu. Na mfereji ulifanya kile nilichouagiza: uliyapeleka moja kwa moja.

Bibi Tumpe alirudi. Siku ya tatu akaja saiti yetu nyingine, juu kidogo ya pale, mimi na Ambakisye tukiwa tunachanganya zege. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za mama, hakupandisha sauti hata kidogo. Halafu akasema:

"Gwe mwana, maji yako yanamtembelea mzee kila siku. Njoo umwone."

Nilidhani ana mgeni. Nikamfuata.

Kwa wasiojua, kwetu wengi tunazika nyumbani, pembeni ya migomba. Nilikuta kaburi la mume wake limeliwa upande mmoja. Mawe ya kuzungushia yalikuwa yamedondoka, na udongo umebebwa hadi bondeni. Mvua mbili tatu za namna ile, tungeona kisichotakiwa kuonekana.

Nikaanza kumweleza mambo ya mwinuko na vipimo. Ndiyo wakuu, mbele ya kaburi. Aliniacha nikamaliza.

"Mwenzio aliyapitisha kwenye kila mgomba unywe," akasema. "Yakifika hapa yameshachoka. Wewe umeyapa barabara."

Nilirudi juu nikamsimulia Ambakisye. Akaniangalia usoni.

"Injinia, basi la Mbeya linaondoka saa sita. Unakimbia, au tukachukue nyundo?"

Nakiri kwamba nililiwaza lile basi.

Nikaenda kwa Mzee Salum. Nilitegemea anifukuze. Alisikiliza, kisha akavaa viatu akaja kuona mwenyewe.

"Maji ya bati langu yanamfukua jirani, na mimi nitasimama kuswali kwa moyo gani? Vunja," akasema. Halafu akaliona lile jina. "Anzia hapo. Umeliandika kubwa, litakumalizia asubuhi nzima."

Likanimalizia asubuhi nzima kweli.

Kwanza tulirudishia udongo na mawe ya kaburi, tukalifunika kwa vipande vya bati na kupandisha tuta upande wake wa juu, ili mvua ikija isilikute wazi. Kisha tukachimba shimo refu upande wa chini wa ua wa Mzee Salum, tukalijaza mawe, maji yaingie ardhini, maana udongo wetu unakunywa vizuri ukipewa nafasi. Maji ya bati tukayaelekeza kwenye tenki.

Yaliyobaki yalihitaji ule mfereji wa zamani. Bibi Tumpe alitembea mbele akinichorea kwa mpini wa jembe ulipokuwa unapita, mimi nyuma nachimba. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe.

"Acha huo uzi," akasema bila kugeuka. "Maji hayapigi gwaride."

Ambakisye alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua kubwa ilipokuja tena nilikuwa barazani kwa bibi, nimeshika kikombe cha maziwa ya mgando ambacho sikuweza kukinywa. Maji yakashuka. Yakazunguka mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole. Karibu na kaburi ulifika unyevu tu.

"Ndaga," akasema bibi. Kwetu ndiyo asante. Sikujua ananiambia mimi au mume wake.

Siku hizi naye amelala pale pale, pembeni yake. Migomba ipo. Nyumba zimeongezeka sana na karibu kila ua una zege.

Nilichojifunza: ukiondoa pori ukaweka bati, maji hayapotei, yanamhamia aliye chini yako. Na kazi ya mtu ambayo huielewi, muulize kwanza aliyeishi nayo.

Mliojenga kwenye miteremko ya Rungwe, maji yenu mnayapeleka wapi? Waliosomea haya mambo, nikosoeni, nitasoma kila mchango, na mnajua nitasoma mara tano.

Mimi siku hizi sifungi uzi kabla sijashuka kwa jirani wa chini kumuuliza maji yalikuwa yanapita wapi. Na kwenye saruji mbichi siandiki jina.