Karai la Kiingereza

Ilianza tena Ijumaa ya likizo, saa moja na nusu jioni, nyumbani kwa nyanya yangu nyuma ya soko la Otonglo. Nyanya, ambaye sisi wajukuu wote tunamwita Dani, aliweka mezani ugali wa mtama, samaki wa kuchemsha, na mboga chungu alizozilaza kwenye maziwa tangu jana yake. Ugali ulikuwa kwenye sahani moja, na sisi tulikuwa watatu: Dani, jirani yake na mimi niliyekuja kutoka kwetu Migosi. Jirani akanawa, akamega. Dani akanawa, akamega. Mimi nikainuka polepole, nikaenda jikoni kujitafutia sahani yangu na kijiko.

Jirani akaangua kicheko. "Haki huyu wa Migosi anaogopa mikono yetu! Kwani mikono yetu iko na wadudu, mama?"

Dani hakucheka. Aliiangalia ile sahani yangu kama mtu anayeangalia mgeni aliyeingia bila hodi. "Mwache," akasema. "Kiingereza kimemshibisha."

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kujibu watu. Mambo yangu huwa nayaandika. Nilikula chakula changu pembeni nikiwa nimeinama, na baada ya kula Dani akatoa vyombo mwenyewe bila kunituma. Hapo ndipo nilipojua ameumia. Dani asiyekutuma ni Dani aliyekutoa kwenye hesabu ya watoto wake. Na la kuniuma zaidi ni kwamba alikuwa amepatia bila kujua. Kiingereza ndicho kilichofanya.

Zamani haikuwa hivyo. Nilipokuwa mdogo tuliletwa kwake kila likizo, mimi na binamu zangu, na tulikula sahani moja kama vifaranga. Mvua ikipiga mabati, moshi wa kuni ukitutoa machozi, tuligombania kichwa cha samaki mpaka Dani atupige mikono na mwiko. Alikuwa na msemo wake: "Anayekula peke yake, hata mfupa ukimkwama hakuna wa kumpiga mgongo." Mkono wa binamu yangu ulikuwa mkono wangu. Tonge likianguka kwenye mchuzi wa mwingine, alikula. Sikuwahi kufikiria mate ya mtu. Nani hufikiria?

Halafu nikafika darasa la nane, na mama akaamua nikae kwa Dani likizo nzima kwa sababu Otonglo kulikuwa na mwalimu wa tuisheni aliyesifiwa. Walisema akikushika, Kiingereza cha mtihani kinaingia hata kama kichwa chako ni jiwe. Alikodi chumba cha mabati nyuma ya soko. Nje ya dirisha wamama walikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, yanayobaki minofu ikishatolewa, kwa mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi. Harufu ile iliingia ikakaa nasi kwenye madawati. Ukirudi nyumbani, nywele zako zinanuka samaki na chaki.

Somo lake kubwa lilikuwa upatanisho wa kiima na kitenzi. Alisema mtihani unapenda kutega watoto hapo, na hakusema uongo. Mtu mmoja ana kitenzi chake, watu wengi wana chao, na katikati kuna mitego: each, everybody, news, the boy with his friends. Alituimbisha kama kwaya. Na alikuwa na fundisho lake, ambalo nikilikumbuka hata sasa mate hunijaa, si ya njaa. "Kiima na kitenzi ni kama watu wa boma moja," alisema. "Lazima wale sahani moja. Wasipopatana, nyumba inanuka."

Basi akatuletea sahani hiyo. Lilikuwa karai, lile lile alilolowekea kitambaa cha ubao asubuhi. Alimwaga maji yake ya chaki mlangoni, akalifuta kwa kiganja, akaliweka mbele. Saa ya chakula ikifika, kila mmoja alipeleka alichofungiwa nyumbani na kukimwaga humo. Viazi vitamu, mandazi, nyoyo, ambayo ni mahindi na maharagwe ya kuchemsha, dagaa wa omena wenye macho yao, mkate uliopakwa siagi, wali wa juzi. Kisha tukapanga foleni. Yeye anataja kiima, wewe unatoa kitenzi. Ukipatia, unachota tonge lako unaenda kukaa. Ukikosea, unatia mkono mpaka kwenye kifundo, unakoroga, unarudi mwisho wa foleni.

Sasa fikiria. Wa kwanza walikula chakula. Walichagua hata mandazi. Wa katikati walikula kitu kama matapishi ya mbwa, samahani, lakini sina neno lingine. Wa mwisho tulikula uji wa mikono ya watu. Mikono iliyotoka kufuta kamasi, mikono iliyotoka chooni ambako hapakuwa na maji, kucha zenye udongo. Omena alikuwa ameyeyuka ndani ya viazi, mkate umevimba, nzi wanatembea juu yake kama wamekodi. Na kukataa hakukuruhusiwa. "Unakinai chakula cha wenzako? Wewe ni mzungu?" mwalimu angeuliza, na darasa zima lingekucheka.

Mimi nilikuwa wa mwisho karibu kila siku. Si kwamba sikujua. Kwenye karatasi nilipata zote. Lakini nikisimamishwa mbele ya watu koo hufunga, na mwalimu hakuwa na subira ya koo za watu. "Each of the girls," alisema akinitazama. Najua ni has. Ilikuwa imekaa kabisa kwenye ulimi. Ulimi ukakataa. "Koroga!"

Msichana mmoja tuliyekuwa naye kwenye mkia wa foleni alijaribu kunichekesha. Aliinama akanong'ona, "Leo ni nini hii, simiti?"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Aki hii ni nyoyo ilifanya mtihani ikaanguka."

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo, halafu zamu yetu ikafika, tukaacha kucheka.

Siku moja nilitafuna kitu ambacho hakikutafunika. Kilivutika. Nikakitoa kwa kidole. Ilikuwa plasta, ile ya kufunga kidonda, bado ina alama ya rangi ya kahawia katikati. Wavulana walipiga meza kwa furaha. Mwalimu akasema, kwa Kiingereza safi, kwamba aliyejua kitenzi chake asingekula plasta. Nilitapika njiani, karibu na wamama wa mgongo wazi, na mmoja akanimwagia maji miguuni akisema pole, na mafuta yake yakanifanya nitapike tena.

Nikamficha Dani. Ningemwambiaje? Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kunifungia viazi. Alikuwa akiambia soko zima kwamba mjukuu wake anasomea kwa yule mwalimu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Kiingereza changu kilikuwa juu. Mwalimu alikuja mpaka kwa Dani kujisifu, akapewa soda, na Dani akachinja kuku. Sahani kubwa ikaja katikati, mikono ikaingia pande zote, na mimi nikaona karai. Nilisema tumbo linauma. Likizo iliyofuata nikasema nina kazi nyingi za shule. Migosi hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu nyumbani kila mtu hupakuliwa sahani yake na kula akiangalia simu. Kwa Dani tu ndipo ugonjwa wangu unapoonekana.

Leo yote yamekwisha, ukitaka kujua. Kile chumba cha mabati sasa wanatengeneza nywele. Mwalimu alihama, hakuna anayejua yuko wapi. Hata mtihani wenyewe umefutwa. Wadogo wetu hawaujui. Binamu zangu wametawanyika na hawagombanii kichwa cha samaki na mtu yeyote. Wamama tu ndio bado wanakaanga. Kanuni zimebaki kichwani mwangu, safi, haijakosekana hata moja, na kila mara mwalimu wetu wa kidato cha tatu anapoandika has na have ubaoni, mimi nasikia harufu ya omena na chaki yenye maji. Wengine wanakumbuka utoto kwa harufu ya maua. Haya.

Kilichonitisha Ijumaa ile si karai. Ni kwamba Dani amezeeka, na anaamini namwonea kinyaa yeye. Ningerudi Migosi akiwa bado anaamini hivyo.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni akipasha kiporo. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote nikiangalia majivu. Karai, foleni, koo langu, plasta. Nilipomaliza alikaa akikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Na yeye mwalimu," akauliza, "alikuwa anakula?"

Nilikuwa sijawahi kufikiria hilo. "Hapana, Dani. Alikuwa na chapati zake kwa mfuko. Alikula akiwa ametupa mgongo."

Dani akasonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni. Kisha akainuka. Akachukua ile sahani ya jana, akaisugua kwa sabuni na maji ya moto, akaisuuza, akaisuuza tena. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaja mbele yangu akainyoosha yote miwili, akaonyesha viganja, akageuza akaonyesha kucha, kama mtoto anayekaguliwa usafi shuleni.

"Tazama vizuri," akasema. "Chiem, nyakwara. Kula, mjukuu wangu."

Niliona aibu kuliko siku zote za foleni. Akaweka ugali katikati yetu. Nikamega. Tonge la kwanza lilikwama, macho yakatoa machozi, na Dani akanipiga mgongo taratibu. Nikameza. Tonge la pili nililimega upande wake.