Breki za Baiskeli ya Zambia

Kabla mishahara ya kiwandani haijakatika, Symphorien alikuwa akimpeleka mkewe Germaine misani kila Jumapili kwa baiskeli. Mama huyo alikaa upande kwenye keria, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe, kwa maringo ya kutosha mtaa mzima. Kisha njaa ikaingia, baiskeli ikauzwa ili wale, na misani wakaenda kwa miguu.

Mwaka wa tisini na nne Symphorien akabahatika kupata nyingine, iliyotoka Zambia, ili abebee makaa. Siku ya kwanza tu, mteremko wa Kamatanda ulimwonyesha cha mtema kuni. Alibana breki ya kulia kama alivyozoea tangu utotoni, ili gurudumu la nyuma lisimame. Lililosimama ni la mbele. Akaruka juu ya usukani, na gunia likamfuata.

"Kule Zambia njo vile," fundi Mbombo alimweleza, akicheka bila huruma. "Ya kuume inakamata mbele, ya kushoto inakamata nyuma. Ya huku kwetu iko kinyume."

Germaine alimsafisha uso kwa maji ya chumvi, akaapa huku akiinyoshea baiskeli kidole: "Baba Reine, pa ile kinga minye siwezi panda. Hata siku moya!"

Maneno hayo yalimuuma Symphorien kuliko kidonda. Njaa alikwisha kuizoea, lakini kuukosa ule mkono kiunoni hakukuzoea. Basi kila asubuhi alikwenda kwenye kiwanja cha mpira kuufundisha mkono wake wa kushoto: kimbia, bana, simama. Majirani walisema shida zimempanda kichwani. Mwezi ulipoisha, mkono huo ulikuwa ukibana wenyewe.

Jumapili moja Germaine akatoka na kitenge chake cha misa, akapanda keria bila kubembelezwa. Symphorien nusura alie kwa furaha. Ameniona kiwanjani, alijiambia, na sasa ananiamini.

Kwenye mteremko mbuzi akakatiza. Mkono wa kushoto ukabana mara moja. Gurudumu la mbele likagoma, na wote wawili wakamwagika kwenye majani ya mtaroni.

"Juu ya nini unakamata ya kushoto?" Germaine alifoka, kilemba begani. "Jana nilipeleka kinga kwa Mbombo, akabadirisha makamba ya breki, ikuwe sawa na ya kwetu! Niliogopa utakufa!"

"Ee, Mama Reine," Symphorien akasema polepole. "Minye mwezi muzima niko nafundisha huu mukono. Juu ya kukubeba weye."

Germaine akaushika mkono huo. Vidole vilikuwa vimeota sugu. Akapuliza mchanga kiganjani, akaanza kucheka, na kicheko kikamtoa machozi. Kengele ya misa ililia bado wamekaa pale.

Germaine ndiye aliyeiinua baiskeli.

"Basi kamata zote mbili," alisema, akapanda nyuma na kuurudisha mkono wake kiunoni mwa mumewe.