Kamati Yangu kwa Mshauri wa Masomo

Sisi Wakenya wa kanisa letu la Oxon Hill, huku ughaibuni, hatuwezi kuacha jambo lipite bila kuliundia kamati. Ipo ya harusi, ipo ya matanga, na niliposema nataka kusomea sayansi ya jamii, ikaundwa yangu. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu ambaye hata madaktari walikuwa wakimwogopa. Wenzake wawili walikuwa watunza wazee kama mimi.

Mpango ulikuwa rahisi: nisome miaka miwili katika chuo cha jamii, kile cha karo nafuu, halafu nihamie chuo kikuu kule College Park. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilikitaka chuo kile mpaka basi likipita karibu nacho natazama upande wa pili, nisije nikalia mbele za watu.

Siku za kuomba nafasi zilipokaribia, kamati ikanisindikiza kwa mshauri wa masomo. Tuliingia wanne, tumevaa vitenge, mwenyekiti amebeba chapati ndani ya foili. Mshauri, kijana mpole mwenye tai, alikwenda kutafuta viti zaidi.

"Mwanafunzi ni nani?" akauliza.

"Ni huyu wetu," mwenyekiti akajibu. Mimi nilitazama sakafu kama bibi harusi siku ya kujadili mahari.

Akauliza kama naruhusu rekodi yangu ifunguliwe mbele ya wageni.

"Fungua," mwenyekiti akasema. Kijana akanigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa. Mjinga mimi.

"Yote ni mazuri," akasema, "isipokuwa takwimu. Bila takwimu hatahama mwaka huu."

"Tunazo anthropolojia mbili," mwenyekiti akasema. "Chukua hizo, utuachie hiyo moja."

"Haiwezekani, mama."

"Basi tunaongeza saikolojia."

Kijana akageuza skrini ili tuone. Nilikuwa nimejiandikisha takwimu mara mbili, na mara zote mbili nikajiondoa wiki ya tatu.

Mwenyekiti akanigeukia, akaacha Kiingereza. "Aki wewe! Umedrop mara mbili, na ulituambia hiyo kitu haihitajiki?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikawaambia ukweli: shuleni mwalimu wa hesabu alinisimamisha ubaoni mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka, na tangu siku hiyo nikiona namba natafuta mlango.

Mwenyekiti akafungua mdomo kunijibia kwa mshauri. Nikainua mkono kumzuia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Mwanafunzi ni mimi," nikamwambia kijana. "Niandikishe takwimu."

Akaandika. Kisha mwenyekiti akaweka chapati mezani, akavuta kiti mbele na kutoa kitambulisho chake kwenye mkoba.

"Na mimi niandikishe," akasema. "Nitakaa pale mlangoni."