Uzio Katika Njia ya Nawras

Meli ya doria Nawras ilifika visiwa vya Kerkennah ikiwa imekwishachoka, imepakwa rangi juu ya kutu ya nchi nyingine, na Mabrouk akawa mshika usukani wake tangu siku hiyo. Imefukuza wavuvi wa makokoro, imevuta mashua mbovu hadi bandarini, imeokoa hata mbuzi wa harusi aliyeruka kutoka kwenye feri. Katika miaka yote hiyo haikuwahi kugusa uzio wa mtu. Kule visiwani bahari ina wenyewe: makuti yanachomekwa kwenye maji ya kina kifupi kuongoza samaki mtegoni, na baba humrithisha mwana mahali pale kama shamba. Mtoto wa Kerkennah anafundishwa kuzunguka uzio wa jirani kabla hajajua kuogelea.

Asubuhi moja ya Machi, upepo ukivuma vibaya, redio iliita: mashua ya mvuvi Bechir imepinduka. Nawras ilikuwa karibu. Mabrouk alimwona Bechir kwa macho yake, ameng'ang'ania ubavu wa mashua, kichwa kikizama na kuibuka. Katikati palikuwa na uzio mrefu, na maji yalikuwa yamejaa kiasi cha meli kupita juu yake. Mikono ya Mabrouk ikazungusha usukani kuelekea kusini.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Nahodha Lotfi, mtu wa bara, kutoka Bizerte. "Mtu yuko mbele."

"Nazunguka, nahodha. Kuna uzio."

"Makuti tu hayo, mzee."

"Yana mwenyewe."

Lotfi akaamuru warudi, lakini meli ilikwishaingia kwenye mkondo mwembamba, pa kugeuzia hapakuwepo tena. Ikabidi waufuate uzio hadi mwisho. Mabrouk alimwomba Mungu, akaitukana ile injini kongwe, akaomba tena. Kila alipotazama, kichwa kilikuwa bado kipo. Walipoizunguka ncha ya uzio, ilibaki mashua peke yake.

Jioni alikwenda mwenyewe kwa Mbarka, mjane wa Bechir, akamweleza yote bila kujitetea. Alijua kisiwani hakuna atakayemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mbarka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza uzio wenyewe ulikuwa wa nani.

Mabrouk alishindwa kuinua uso.

"Wenu, mama. Wa Bechir."

Mbarka alivuta shela yake mabegani.

"Angekwambia pita," alisema.