Muosha Glovu

Mzee Mbaruku, muuzaji wa duka la ushirika la Maramba, alikuwa na siku nne wodini na jina la mama muosha glovu wa hospitali hakulijua. Alimjua kwa glovu za upasuaji. Kila asubuhi mama huyo aliketi barazani na beseni, akazigeuza ndani nje, akazisugua kwa majivu hata vidole vyake mwenyewe vikachubuka. Kisha aliipuliza kila moja mpaka ivimbe kama kiwele cha mbuzi, akaisogeza sikioni asikilize kama inavuja. Inayovuja aliitia kiraka.

“Shikamoo, mzee. Hizi ndizo zako za kesho. Uvimbe wako umejificha nyuma ya moyo, mkono wa daktari utazama wote kifuani, kwa hiyo nazirudia mara tatu.”

“Marahaba. Mbona majivu?”

“Sabuni hakuna, mzee. Mwezi uliopita nilipokwenda nyumbani Maramba nilipita dukani kwako, ukaniapia imekwisha. Nikakuonea huruma, muuzaji mzima kukosa.”

Alisema bila kinyongo, akasogeza nyingine sikioni. Siku ile katoni nzima ya sabuni ilikuwa imepitia mlango wa nyuma wa duka. Mzee Mbaruku akavuta shuka alilokuja nalo kutoka nyumbani, akajifunika gubigubi. Shuka likamnukia sabuni.