Ndani ya Shimo la Sandarusi

Harufu ya sandarusi ikifukizwa kwenye makaa huwafurahisha watu wengi. Mimi hunibana kifua, nikatafuta dirisha. Enzi za Mwingereza, kwetu Marui, huko Kisarawe, msitu ulikuwa na mashimo mengi ya wazee waliochimba utomvu huo wa miti uliogandia ardhini, kisha wakayaacha yafunikwe na majani.

Nilitumbukia katika mojawapo mchana kweupe, nikiwa na miaka saba hivi, nikimfuata shangazi yangu Eliza kuokota kuni. Ardhi iliniachia ghafla. Nilipofumbua macho nilikuwa nimefukiwa hadi kifuani, mkono mmoja tu ukiwa nje. Shangazi alilala kifudifudi ukingoni akaninyooshea tawi, lakini kila alipojisogeza udongo ulinimiminikia.

"Mwanangu, nikikuvuta nitakuzika," alisema. "Ngoja nikaite watu."

"Usiniache, shangazi!"

"Hutakuwa peke yako. Mkaribie Mungu."

Nililia kwa hasira. Mungu niliyemjua mimi alikaa kanisani, kule misheni, kwenye jengo la mawe lenye kengele. Kwenda kwake tulioga, tukavaa nguo safi, tukatembea tangu alfajiri.

"Nitamkaribiaje, na miguu yenyewe siisikii?"

"Mwite kwa jina la Yesu. Atakuja yeye."

Kisha nyayo zake zikapotea.

Nikabaki na kipande cha mbingu ambacho ungo ungeweza kukifunika. Kila nilipotoa pumzi, udongo ulijaza nafasi niliyoiacha, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi. Nilianza Baba Yetu. Nilipofika kwenye mkate wa kila siku nikakumbuka njaa, na maneno yote yakanitoka. Likabaki jina moja tu, "Yesu," nikalirudia kwa sauti ya mtoto anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Sikuona nuru, wala udongo haukulegea. Lakini nilijua kwamba kuna aliyekaa nami, kama mtoto anavyojua gizani kwamba mama yake yupo kitandani hata asipomgusa. Nikaacha kupapatika. Nikapumua taratibu.

Walikuja majirani zetu, Waislamu wote, Mzee Shomari akitangulia. "Bismillahi," alisema, akaanza kufukua kwa mikono ili jembe lisinikate. Baadaye akageuka. "Eliza, mtoto huyu mbona halii?"

"Hakuwa peke yake, mzee," alijibu shangazi, naye mwenyewe akilia.

Kwa miaka mingi nilisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kunitoa shimoni. Kisha mume wangu akaugua. Tuliomba, tukafunga, hakupona. Mwishoni hakuweza kuinua hata kidole. Niliinama kumsikia, akaninong'oneza, "Sijaachwa." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mzee Shomari na wenzake walinikuta nimekwisha kujiwa na yule niliyekuwa nikimwita.