Wimbo wa Maksai Katika Darasa la Sita

Nilipopangiwa shule ya msingi pembezoni mwa Kakuma, mwaka 2012, nilikuta kipindi cha muziki kwenye ratiba na hakuna kitu kingine chochote cha muziki. Wenzangu walikitumia kurudia hesabu, kwa kuwa muziki hautahiniwi, na mwalimu mkuu alinishauri kwa upole nifanye vivyo hivyo. Nilikataa. Chuoni niliaminishwa, na bado naamini, kwamba mtoto anayenyimwa kuimba shuleni anafundishwa kuwa shule si yake.

Nikaenda Lodwar kutafuta vifaa. Katika ofisi ya elimu, karani alinifungulia stoo iliyonuka popo. Tulipata filimbi za plastiki zilizopindwa na joto, pamoja na chati ya ala za muziki za Ulaya. Niliichukua chati. Nilipoitundika darasani, watoto walimkodolea macho mzee aliyechorwa ameketi na fidla kubwa katikati ya magoti, uta mkononi.

"Mwalimu, huyu anachinja nini?" msichana mmoja akauliza.

"Mbuzi. Na kisu ni butu," jirani yake akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Kitabu cha mwalimu nacho kilijaa nyimbo za garimoshi na mashamba ya mahindi, vitu ambavyo wanafunzi wangu hawakuwahi kuviona. Ndipo nikamwendea kijana Mkongomani mwenye kibanda cha kuchaji simu katika soko la kambi ya wakimbizi, kwa sababu nilisikia kwamba wachungaji hujirekodi.

"Nyimbo za Waturkana? Iko mingi, mwalimu," alisema. "Wanajiimbia ku simu, wananiachia nyimbo, mi nawachajia bure. Lakini wewe uko mwalimu gani wa kuomba ya ng'ombe? Wenzako wanaomba ya Kilingala."

Kila kijana wa Kiturkana huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo mingine. Humtungia wimbo unaotaja rangi yake, pembe zake na maji anayokunywa. Mkongomani alininakilia nyimbo hizo katika memori kadi, nami nikazicheza katika darasa la sita kwa redio ndogo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kufundishia. Watoto walipiga makofi na kurukaruka bila kuambiwa, na vumbi likapanda hadi magotini.

Wimbo wa tatu ulipoanza, mvulana aliyeketi karibu na mlango alisimama.

"Zima," alisema. Hakuniita mwalimu. "Huyo ni ndugu yangu."

Nilizima. Shule nzima ilijua kwamba kaka yake aliuawa na wavamizi upande wa Nadapal, mpakani kaskazini, na kwamba waliondoka na mifugo yake pamoja na maksai wake. Hakuna aliyejua kwamba sauti yake ilibaki katika simu za watu.

Jioni ile ile mvulana alikwenda kibandani akanakiliwa wimbo ule. Baada ya wiki chache, mama yake alikuja kunitafuta.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok, mama."

"Hiyo nyimbo analala nayo kwa sikio," alisema. "Inasema ng'ombe iko namna gani, inakunywa wapi. Na ng'ombe iko hai huko kwa wale waliomuua. Ndugu za baba yake wanamwambia, wewe sasa ni mwanaume, unanyamaza namna hiyo mpaka lini? Mwalimu, nikikosa huyu, nabaki na nani?"

"Nitaufuta, mama."

"Utafuta simu ya watu yote?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Usifute. Fundisha. Wasichana, hata wale wadogo kabisa, yote waimbe. Ikikuwa nyimbo ya shule, haitaita mtu mmoja."

Nililifikiria ombi lile kwa siku kadhaa. Katika mafunzo yangu yote sikuwahi kusikia mtu akiutarajia wimbo wa shule ufanye kazi nzito kiasi hicho. Muhula wa kwanza wa 2013 ulipofunguliwa, tulianza.

Niliufundisha hadi ukachakaa. Wasichana waliuimba wakisubiri maji kwenye bomba, watoto wa darasa la pili wakaurukia kamba. Mvulana aliketi amefunga mdomo. Kila Ijumaa mama yake alisimama nje ya dirisha, shanga zake zikigonga bati, akingoja.

Ijumaa moja mvulana aliimba. Sauti yake ilikuwa ya kaka yake kabisa, ila nyembamba zaidi. Halafu akainua mikono kama pembe, wa kulia ukielekea juu, wa kushoto umepinda na kushuka karibu na jicho. Wenzake wakamwiga.

"Hiyo ya kushoto ishuke!" aliwakemea. "Nyinyi mnaimba ng'ombe ya kitabu!"

Walicheka, wakarekebisha mikono. Nilipiga mapigo juu ya meza kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi hii, nikageuka dirishani ili niishiriki na mama yake. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

Nilimkuta ukutani baada ya kipindi.

"Amechukua ng'ombe ya ndugu yake," aliniambia. "Pembe inainuliwa na mwenye ng'ombe. Sasa ni yake."

"Mama, labda anacheza tu. Wote wameinua mikono."

"Wale wanafuata yeye. Yeye anafuata ng'ombe."

Nilimwahidi kwamba nitazungumza naye Jumatatu. Nilitumia Jumapili nzima nikipanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri.

Jumatatu hakuja. Watoto walisema ameondoka alfajiri na baba zake wadogo, kuelekea kaskazini, wakiwa na bunduki. Kipindi cha muziki kilipofika, mama yake aliingia darasani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kwenye dawati la mwanawe. Watoto walinitazama wakingoja amri yangu.

"Imbeni," mama alisema.

Wakaimba, mikono yao yote ikiwa imelala juu ya madawati.